Harufu ya Petroli na Haki ya Fundi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Wapenzi wasomaji wetu, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine wengine watastaajabu kuliona katika ukurasa huu: harufu ya petroli inayosikika katika gari lililotoka karibuni kwa fundi. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya gereji, yana nini na dini?" Twamjibu ya kuwa dini yetu haikuacha mlango wa nyumba ya Muislamu ila imeuingia. Imesema juu ya moto unaoachwa ukiwaka usiku, juu ya ngamia asiyefungwa, na juu ya nafaka iliyorowa chini ya nafaka kavu. Basi itanyamazaje juu ya chombo tunachowapakia watoto wetu na wazee wetu, na ndani ya tangi lake mna lita 40 au zaidi za kitu kinachoshika moto upesi kuliko mafuta yo yote yaliyomo jikoni?

Tena jambo hili hatukulipata kwa kusikia. Lilitufika sisi wenyewe, na katika hilo tulikosa mara mbili. Kosa la kwanza lilikaribia kutuunguzia nyumba, na la pili lilitutia katika dhambi ya ulimi. Twayaeleza yote mawili bila ya kuficha, ili vijana wetu wapate faida yake pasipo kulipa thamani tuliyoilipa.

YALIYOTUKUTA

Siku ya Jumatano tulipeleka gari letu kwa fundi mmoja wa hapa Mombasa kwa matengenezo ya kawaida: kubadilishwa oili, plagi, chujio la hewa na chujio la petroli. Ijumaa tulikuwa na safari ya Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, kuhudhuria harusi ya jamaa zetu. Jioni tukalirudisha gari nyumbani, injini ikinguruma kwa upole kuliko zamani, nasi tukafurahi.

Asubuhi ya Alkhamisi tulipofungua mlango wa gari tukasikia harufu ya petroli. Tukajiambia, "Fundi alimwaga kidogo alipobadilisha chujio, itakauka." Tukaenda nalo sokoni tukarudi. Adhuhuri harufu ipo. Alasiri imezidi. Bado tukasema itakauka.

Jioni ile watu wa nyumbani walikuwa wakitayarisha nguo za harusi, na chetezo kilikuwa kimewashwa kwa kufukizia mabuibui na kanzu. Binti yetu, mwenye umri wa miaka 13, akaona ni vyema alifukize na gari pia, ili abiria wetu wa kesho wasitucheke. Wala msidhani kuwa mtoto alikosa adabu. Alituomba ruhusa, nasi tukamwitikia kwa kichwa bila ya kufikiri. Gari lilikuwa katika banda lililoshikana na jiko. Mtoto akatoka na chetezo mkononi, makaa yakiwa mekundu na udi ukifuka.

Mama yetu mzazi alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na mlango, akivuta tasbihi yake. Macho yake yamepotewa na nuru tangu miaka mingi, lakini pua yake haikupotewa na kitu. Akapaza sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake: "Mjukuu wangu, simama hapo hapo! Rudi nyuma na moto wako!"

Mtoto akasimama, akarudi. Tukauliza, "Mama, kuna nini?"

Akasema, "Tangu asubuhi nawasikia mkisema itakauka. Kitu kinachokauka harufu yake hupungua. Hii yazidi. Petroli haikumwagika jana, mwanangu, yamwagika sasa."

Tukachukua tochi, tukainama. Chini ya injini palikuwa na doa bichi, upana wake kama sahani ya wali, na juu yake tone likining'inia. Baina ya makaa yale na doa lile zilikuwa zimebaki hatua saba. Tulizihesabu baadaye, na kila tunapozikumbuka hutusisimka mwili.

KWA NINI HATUA SABA NI CHACHE

Wengi wetu tumelelewa katika nyumba zenye mafuta ya taa, na mazoea yake yametuharibia hesabu. Mafuta ya taa yakimwagika juu ya saruji, hayawaki kwa wepesi mpaka yapate joto au yashike utambi. Petroli si hivyo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu la kaskazi. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwa hivyo haupandi juu ukatawanyika kama moshi wa udi, bali hutambaa chini kama maji, ukapita chini ya mlango, ukalala penye shimo, hata ukakutana na moto ulioko mbali. Ukifikia sehemu 1.4 tu katika 100 za hewa, watosha kuwaka. Maana yake ni kuwa si lazima moto uifuate petroli. Petroli yenyewe hupeleka mvuke wake mpaka penye moto, kisha moto hurudi kwa njia ile ile mpaka penye tangi.

Tena kuna madhara yasiyo ya moto. Ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzini, ambacho wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekithibitisha kuwa huleta saratani kwa binadamu, khasa ya damu. Mtu anayevuta mvuke huo hupatwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na watoto na wanawake wenye mimba ndio wa kuhifadhiwa zaidi. Na jambo la hatari kuliko yote ni kuwa pua huzoea. Aliyekaa ndani ya gari nusu saa husema harufu imekwisha, hali ya kuwa yeye ndiye aliyeacha kuisikia. Basi mgeni akiingia garini mwako akasema pananuka petroli, msadiki yeye kuliko nafsi yako.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 195, tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Na imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa nyumba moja iliungua usiku katika Madina, nayo mna watu wake; Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari alisema ya kuwa moto ni adui, akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Sisi tulimpa mtoto wetu adui huyo mkononi, tukamwonyesha njia kwa kichwa.

Usiku ule hatukuliwasha gari. Vijana wa jirani walitusaidia kulisukuma kwa mikono mpaka uwanjani, mbali na nyumba na jiko. Tukazima makaa na jiko, tukafungua madirisha, tukamwaga mchanga juu ya doa na kuuzoa, tukautupa mahali pa wazi wala si katika mfereji wa maji, kwani petroli ikiingia katika mfereji husafiri mpaka nyumba za watu. Kesho yake tukaenda Malindi kwa gari la abiria.

KOSA LETU LA PILI

Lau tungaliishia hapo ingalikuwa kheri. Lakini usiku ule ule, baada ya sala ya Isha, tulikaa barazani na wenzetu, na hofu ilipogeuka hasira, ulimi ukafunguka. Tukasema, "Fundi yule hana amana. Hakukaza kitu alichofungua. Alitaka kutuulia watoto." Wasikilizaji walikuwa watano. Mmoja akasema hata yeye alikuwa na shaka naye siku nyingi. Mwingine akaapa kuwa gari lake halitaingia tena katika gereji ile. Kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, jina la mtu aliyetengeneza magari ya mtaa wetu kwa miaka likawa limebomoka, na sisi hatukuwa tumeona ila doa na tone.

Jumapili tulirudi Malindi. Jumatatu asubuhi fundi akaja mwenyewe kwa miguu na mkoba wake, kwani tulimpelekea khabari kuwa gari haliwezi kuwashwa. Alikuja kwa adabu, wala hakujua yaliyosemwa juu yake.

NAMNA FUNDI ALIVYOTAFUTA ASILI YA HARUFU

Twaandika kazi yake kwa utaratibu, kwa kuwa ndiyo elimu tuliyokusudia kuwapa wasomaji.

Hakufungua kitu kwanza, bali aliuliza maswali matatu. Harufu ilianza lini, kabla ya matengenezo au baada yake? Yasikika wapi zaidi, mbele, nyuma, au ndani ya gari? Na husikika wakati gani, injini ikiwa baridi au moto, gari likisimama au likienda? Tulipomjibu ya kuwa ilianza siku ya pili, mbele, na huzidi gari linaporudi kutoka safarini, akasema, "Basi tutaanza na kile nilichokigusa mimi mwenyewe." Neno hili lilitushangaza, kwani tulidhani atajitetea. Lakini ndiyo kanuni ya kazi yao: ukiona ugonjwa mpya baada ya matengenezo, tazama kwanza palipoguswa mwisho.

Kisha akatandika karatasi nyeupe chini ya injini, akafungua boneti na kuliacha gari lipigwe na upepo muda wa kutosha, akaweka kizima moto karibu, akawaondoa watoto, akatutaka sote tuweke simu na viberiti mbali. Injini ilikuwa baridi. Akatueleza ya kuwa huo ndio wakati wa kutafuta, kwani injini ikiwa moto, tone likiangukia chuma hukauka papo hapo, ukabaki na harufu bila ya dalili. Wengi hutafuta baada ya safari, wasione kitu, wakasema gari ni zima.

Akatuambia tugeuze ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila ya kuwasha injini. Katika magari ya siku hizi, pampu ya petroli ni ya umeme nayo imo ndani ya tangi. Ufunguo ukigeuzwa, pampu hufanya kazi sekunde chache na kujaza mkandamizo katika mabomba. Tukafanya hivyo mara tatu, naye akimulika kwa tochi kila kiungo, akipitisha kitambaa cheupe kikavu chini yake. Hakutia kidole penye kiungo, akasema ya kuwa mkandamizo ule huweza kurusha petroli mpaka machoni, nao hubaki katika mabomba hata baada ya injini kuzimwa.

Kiungo cha chujio jipya kilikuwa kikavu. Pete yake ya mpira ilikuwa mpya na imekaa sawasawa. Lakini mbele yake kidogo, penye mpira mfupi unaounganisha bomba la chujio na bomba la injini, kitambaa kikarudi kimerowa. Akalegeza mkandamizo kwa utaratibu wake, akafungua kibano, akautoa mpira ule. Chini ya kibano, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mpira wenyewe ulikuwa mkavu kama kigae. Miaka ya joto la injini ilikuwa imeumaliza ulaini wake. Siku ya Jumatano ulipovutwa ili chujio lipite, ulipasuka.

Tulipoona hivyo, tulijiandaa kusema, "Basi kosa ni lako." Lakini yeye akatutangulia. Akasema, "Maalim, mpira huu nilikwambia Jumatano kuwa umekauka. Ulisema tuuache mpaka mwezi ujao."

Tukakana. Hatukukusudia uwongo, tulikuwa tumesahau kweli. Akasema, "Itazame stakabadhi." Tukaitafuta katika mfuko wa kanzu, tukaipata imekunjwa vile vile alivyotupa. Chini kabisa palikuwa pameandikwa kwa mkono wake: mpira wa petroli umekauka, mwenyewe hakutaka ubadilishwe. Bei ya mpira ule haikufika bei ya kilo moja ya nyama.

Hatukuwa na la kusema. Naye, Mungu amlipe kheri, hakutushangilia. Akasema, "Na mimi nina fungu langu. Niliuvuta nikijua umekauka, wala sikungoja kuutazama chini ya mkandamizo. Ingalinipasa nikatae kukupa gari mpaka ubadilishwe."

ASILI NYINGINE ZA HARUFU

Baada ya kuweka mpira mpya alitueleza ya kuwa si kila harufu hutoka mahali pamoja, nasi twayataja haya kwa ufupi.

Kwanza, harufu ya kumwagika. Chujio linapobadilishwa, petroli kidogo humwagika, na harufu yake huweza kukaa siku moja. Alama yake ni kupungua kila saa. Ikikaa sawa au ikizidi, hiyo si ya kumwagika.

Pili, viungo vya chujio. Pete ya mpira huenda ikabanwa vibaya, au ya zamani ikasahauliwa ndani zikawa mbili, au kiungo cha kubonyeza kikawa hakikuingia mpaka mwisho. Tena kuna wanaotia mpira wa maji mahali pa mpira wa petroli. Mpira huo huliwa na petroli ukalainika na kupasuka. Mpira wa kununua ni ule ulioandikwa kuwa ni wa petroli na wa mkandamizo mkubwa.

Tatu, harufu ya nyuma au chini ya kiti cha nyuma. Katika magari mengi ya sasa chujio limo ndani ya tangi pamoja na pampu, na kifuniko chake kiko chini ya kiti. Pete ya kifuniko hicho isipokaa sawa, mvuke huingia moja kwa moja penye abiria, khasa tangi likijazwa.

Nne, kifuniko cha tangi. Pengine asili ni kifuniko tu kisichokazwa mpaka kilie. Au mtu hulazimisha petroli baada ya pampu ya kituo kukata, ikaingia katika kasha la makaa linalonasa mvuke wa tangi na kuliharibu.

Tano, harufu ya bomba la moshi. Ikiwa petroli yanuka nyuma penye moshi tu, na injini yatetemeka au taa yake yawaka, basi petroli haivuji bali haiungui. Baada ya kubadilisha plagi au chujio la hewa, tazama kama waya wa plagi moja haukushikana, au kama kipimo cha hewa kiliachwa bila ya kuunganishwa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe mbali, kwani petroli isiyoungua huenda kuungua katika chombo cha kusafishia moshi na kukitia joto kali.

Sita, petroli ndani ya oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili kikanuka petroli kwa nguvu, na oili imezidi kiasi chake, huenda nozeli moja yavuja ndani ya injini. Usiiwashe, mwite fundi.

Na gari la dizeli hali yake ni nyingine. Dizeli haishiki moto kwa wepesi kama petroli, lakini doa lake halikauki, hubaki na utelezi. Nayo ikidondokea bomba la moshi lenye joto huweza kuwaka. Isidharauliwe.

Katika yote haya, kazi ya mwenye gari ni kuona, kunusa, kuandika na kueleza. Kufungua mabomba ni kazi ya fundi. Na ukiona tone, au harufu ikakujia ndani ya gari ukiwa njiani, simama mahali pa wazi, zima injini, washushe watu wote na uwaweke mbali. Kufungua madirisha tu na kuendelea na safari si dawa. Kutia manukato ni kuificha khabari uliyoletewa.

Wengine hutuuliza kama nguo iliyoingiwa na petroli yafaa kusalia. Wanavyuoni wengi wa siku hizi wamesema ya kuwa petroli si najisi katika asili yake. Lakini nguo hiyo isikaribie jiko, wala isipelekwe msikitini ikawaudhi watu kwa harufu, kwani Mtume (S.A.W.) alimkataza hata aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti kwa harufu yake.

HAKI YA FUNDI NA HAKI YA MWENYE GARI

Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Enyi ndugu mafundi, yatazameni haya. Mtume hakutosheka na kuutazama uso wa rundo. Nanyi msitosheke na kuusikia mngurumo mwema wa injini. Tieni kitambaa chini ya kila kiungo mlichokifungua kabla ya kumrudishia mwenyewe ufunguo, na mwambieni aibu mliyoiona, kisha iandikeni. Na Mtume (S.A.W.) amemdhaminisha mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kuwa tabibu, wanavyuoni wameichukua hukumu hii kwa kila mwenye kazi ya mikono. Asiyeijua kazi ya mabomba ya petroli asiiguse.

Na enyi wenye magari, mfanyieni fundi insafu. Akikwambieni kitu kimechakaa, msidhani kila mara kuwa ataka fedha zenu. Mwambieni awaonyeshe, akionyesha, toeni. Mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga akatawakali aliambiwa amfunge, kisha ndipo atawakali. Sisi tulitawakali juu ya mpira uliopasuka.

Kisha likabaki deni la ulimi. Qurani imetuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat tuihakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tena ikatuonya juu ya wingi wa dhana na juu ya kusengenyana. Mstaajabieni mtu aliyekataa kuihakikisha khabari ya kweli iliyoletwa na pua yake tangu asubuhi mpaka Magharibi, kisha akaisadiki dhana yake katika nukta moja! Harufu ilikuwa shahidi mkweli, tukamnyamazisha. Dhana ilikuwa shahidi wa uwongo, tukampandisha mimbari.

Tukamweleza fundi yote tuliyoyasema barazani, tukamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, akipangusa mikono kwa kitambaa chake. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini wale watano wamekwisha kusikia."

Alisema kweli. Kumwomba radhi mtu faraghani kwa neno ulilolisema hadharani ni nusu ya kulipa deni. Usiku ule, baada ya Isha, tukamchukua mpaka barazani, tukasema mbele ya wale wale watano ya kuwa tuliyoyasema Alkhamisi hayakuwa kweli, tukawaonyesha stakabadhi na mpira uliopasuka. Wanne wakampa mkono. Wa tano, yule aliyeapa, alikuwa amekwisha kupeleka gari lake kwingine siku ya Jumamosi, wala hajarudi kwa fundi yule mpaka leo. Hilo hatukuweza kulirudisha. Neno likitoka halina kibano.

Stakabadhi ile tumeitundika ukutani jikoni, karibu na mahali pa chetezo. Binti yetu ndiye aliyeomba itundikwe. Naye siku hizi, kila gari linaporudi kutoka kwa fundi, hutandika karatasi nyeupe chini ya injini usiku, na asubuhi humsomea bibi yake yaliyoonekana juu yake, kabla mtu hajagusa ufunguo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na moto wa dunia na moto wa akhera, awape mafundi wetu amana na riziki ya halali, na azilinde ndimi zetu na heshima za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.